SHAMBA LA NYUMBANI: Samadi Ikizidi Bustanini

Wasomaji wetu, mara nyingi katika ukurasa huu tumewasihi mtie samadi mashambani mwenu, wala leo hatuyatangui maneno yale. Lakini kila jambo jema lina kipimo chake, na mwezi huu twataka kusema juu ya bustani iliyolishwa kupita kiasi. Mtu asidhani kwamba habari hii yawahusu wenye mashamba makubwa na magunia ya mbolea ya dukani tu. Mwenye kuku 20 na matuta machache nyuma ya jiko aweza kupatwa na hasara hii bila kutoa hata senti moja.

Malalamiko tusikiayo ni haya. Mmoja husema, "Nyanya zangu zimefika kifuani, majani yake yamekoza hata karibu kuwa meusi, lakini hazizai." Mwingine husema, "Viazi vitamu vimefunika tuta lote, nasi twala matembele kila siku, lakini nikichimba naona mizizi myembamba kama kidole." Kisha huyo mwenye bustani hufikiri kwamba mbegu ni mbovu, au ardhi imechoka, naye huchukua karai akaongeza samadi. Kwa kufanya hivyo amemtilia maji mtu anayezama.

Yafaa kwanza tueleze kitu chenyewe. Katika samadi mna vyakula vingi vya mimea, na kimoja kikubwa ni naitrojeni. Hewa tuivutayo, katika sehemu 100, sehemu 78 ni naitrojeni, lakini mimea haiwezi kuila ikiwa hewani. Huila kwa mizizi, baada ya vijidudu vya udongoni kuigeuza kuwa chumvi iyeyukayo katika maji, iitwayo naitreti, au kuwa namna ya amonia, ile iletayo harufu kali katika banda la kuku. Kazi ya naitrojeni ni kujenga majani na mashina na kuyapa rangi ya kijani. Pasipo hiyo mmea hudumaa na kuwa njano. Ikizidi, mmea hujenga majani bila kukoma, ukachelewa kutoa maua. Fundi aletewaye matofali mapya kila asubuhi haoni sababu ya kuacha kuta na kuanza kuezeka. Na nyanya zilizoshiba naitrojeni ndivyo zilivyo.

Dalili za kuzidi ni hizi, na mwenye bustani aweza kuziona kwa macho yake bila chombo chochote.

Kwanza, majani huwa ya kijani kilichokoza mno, makubwa na laini, na shina huwa nene lenye maji, likaanguka kwa upepo mdogo.

Pili, maua huchelewa. Na yakitoka, mengi huanguka kabla ya kushika tunda. Hayo huonekana upesi katika nyanya na pilipili hoho.

Tatu, vidukari hukusanyika chini ya majani machanga, maana hupenda utomvu wa mmea laini. Magonjwa ya ukungu nayo huingia kwa urahisi, kwa kuwa majani yamesongamana wala hayakauki upesi baada ya mvua.

Nne, mimea ya mizizi hudanganya. Viazi hutoa majani. Karoti zilizopandwa katika samadi mbichi huota matawi kama vidole vya mkono. Vitunguu huwa na shingo nene isiyokauka, navyo huoza ghalani kabla ya kuuzwa.

Tano, nyanya chache zipatikanazo huweza kuoza kitako na kuwa nyeusi upande wa chini. Naitrojeni ya namna ya amonia ikizidi huuzuia mmea kupata chokaa ya kutosha, na ubovu huo ndio matokeo yake.

Sita, ikizidi sana, ncha za majani huungua na miche michanga hufa, kana kwamba imemwagiwa maji ya chumvi. Maana ndivyo ilivyo: chumvi ya udongoni huyazuia maji yasiingie mizizini.

Basi waalimu watusaidie katika hesabu, maana jambo hili ni la hesabu kabla ya kuwa la jembe. Tuseme nyumba moja ina bustani ya mita 10 kwa mita 5, yaani mita 50 za mraba. Mboga zenye kula sana hutosheka na gramu 10 hivi za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa msimu mmoja. Kwa bustani yote ni gramu 500, yaani nusu kilo. Sasa baba mwenye nyumba asafisha banda la kuku, apata magunia 3 ya samadi kavu, kila gunia kilo 50, naye ayamwaga yote. Samadi kavu ya kuku huwa na naitrojeni yapata kilo 2 hata 4 katika kila kilo 100, natushike 3. Katika kilo 150 zile mna kilo 4 na nusu za naitrojeni. Hiyo ni mara 9 ya haja ya bustani. Hata tukisema kwamba nusu tu huachiliwa mwaka wa kwanza, bado ni zaidi ya mara 4 ya haja, na nusu ya pili imekaa udongoni yangoja mwaka ujao. Kisha mwaka ujao banda husafishwa tena.

Samadi ya ng'ombe ni pole zaidi, maana naitrojeni yake ni kama nusu ya ile ya kuku au hata chini ya hapo. Mbolea ya dukani iitwayo urea ni kali kupita zote: katika kila kilo 100 mna kilo 46 za naitrojeni. Gunia moja la kilo 50 lina kilo 23, nazo zatosha bustani 46 kama ile ya mfano wetu. Mwenye kuinyunyiza kwa viganja pasipo kupima hajui atendalo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na mbolea ni mali.

Huenda mtu akauliza, "Mbona wazee wetu hawakutuonya juu ya jambo hili?" Jibu ni kwamba zamani kuzidi hakukuwa jambo la kawaida. Naitrojeni ilikuwa haba duniani kote. Mwaka 1909 Fritz Haber, mtu wa Ujerumani, alionyesha njia ya kuishika naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa amonia, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza cha kuifanya kwa wingi kilianza kazi huko Oppau kwa juhudi za Carl Bosch. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na samadi ya wanyama wake, majani yaliyooza, na mimea ya jamii ya kunde, ambayo vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi yake huishika naitrojeni ya hewani. Hata hivyo wazee walijua kitu. Aliyepanda mahindi katika zizi lililohamwa ameona jinsi mabua yanavyokuwa marefu na laini, na upepo ukiyalaza yote.

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu. Samadi iliyozidi nyuma ya jiko imetoka wapi? Wachaga wa Kilimanjaro watupa mfano mzuri. Kwa desturi yao ng'ombe hufungwa zizini ndani ya kihamba, nao huletewa majani, mengine yakitoka mbali, hata mashamba ya tambarare huko chini. Samadi ya ng'ombe hao hutiwa kwenye migomba iliyo karibu na nyumba. Hivyo nguvu ya mashamba ya chini hupanda mlimani juu ya vichwa vya watu, mzigo kwa mzigo. Migomba ni milaji mikubwa, na ng'ombe wa zizini ni wachache, kwa hiyo kihamba kiliweza kuipokea. Lakini sheria ya jambo hili ni moja katika nchi yetu yote: pumba, mabua, majani na nafaka za shamba la mbali huliwa nyumbani, na samadi yake hutupwa mahali pa karibu, kwa kuwa ndoo ni nzito na njia ni ndefu.

Matokeo yake ni kwamba watu wa nyumba moja wana shamba lenye njaa na bustani iliyovimbiwa. Magunia 10 ya mahindi, kila gunia kilo 100, huondoka shambani na naitrojeni yapata kilo 15. Yasiporudishwa, mwaka hata mwaka mavuno hupungua. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, kwa ajili ya upungufu huo. Wakati ule mkulima wa kusini mwa Sahara alitumia kwa wastani kilo 8 hivi za virutubisho vya mbolea kwa hekta, nao waliazimia kiasi hicho kifike kilo 50. Basi si jambo la kusikitisha kwamba katika bara lenye njaa ya mbolea, mtu aimwage mara 9 ya haja kwenye matuta yake ya nyanya, huku mahindi yake ya mbali yakiwa njano? Kilichozidi hapa ndicho kilichopungua kule. Dawa ya bustani na dawa ya shamba ni mzigo mmoja.

Liko jambo la pili lililo zito kuliko nyanya, nalo ni kisima. Naitreti haikai mahali. Mvua ikinyesha, ile isiyoliwa na mizizi huzama pamoja na maji hata kufika chini, nayo haina rangi wala harufu wala ladha ya kumwonya mtu. Mwaka 1945 tabibu Hunter Comly wa Iowa, katika Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu kwa sababu ya maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani vyenye naitreti nyingi. Mwilini mwa mtoto mchanga naitreti hugeuka kuwa kitu kiizuiacho damu kuchukua hewa safi, na hatari huzidi ikiwa maji yana uchafu uletao kuhara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Akina mama na washike haya. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua chunguni, naitreti iliyobaki huzidi ukali. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama tu yu salama kwa habari hii. Wa kuangaliwa sana ni mtoto wa chini ya miezi 6 apewaye maziwa ya unga au uji uliopikwa kwa maji ya kisima kilicho karibu na zizi, choo cha shimo, au bustani iliyojazwa samadi. Ikiwa midomo, kucha au ndani ya kinywa chake pamegeuka rangi ya bluu au kijivu, apelekwe kwa tabibu siku ile ile. Lundo la samadi na liwe chini ya kisima katika mteremko, na umbali wa hatua 30 au zaidi.

Kwa sababu hiyo hatumshauri mtu yeyote kuiosha bustani kwa maji mengi ili naitrojeni ishuke chini. Ni kweli itaondoka kwenye mizizi, lakini itakwenda kisimani.

Tiba tuijuayo ina njia nne, nazo hazitaki fedha bali subira.

Njia ya kwanza ni kuacha. Bustani iliyozidi isitiwe samadi, wala urea, wala majivu yaliyochanganywa na samadi mbichi, maana majivu huifukuza amonia hewani, mali ikapotea bure. Msimu mmoja au miwili ya kuacha huponya bustani nyingi.

Njia ya pili ni kupanda milaji. Mahindi, kabichi, sukumawiki, mchicha na majani ya tembo hula naitrojeni kwa pupa, na kwa kuwa twayataka majani, wingi wa majani si hasara. Lakini mazao hayo sharti yaondolewe bustanini. Ukiyafukia mabua na majani pale pale, umerudisha deni ulilokwisha kulipa. Nyanya, viazi na vitunguu vingoje msimu wa pili au wa tatu. Maharage na kunde zipandwe kwingine, maana zikikuta naitrojeni nyingi udongoni huacha kazi yake ya kuishika ile ya hewani. Tena, majani ya tembo au mtama yaliyokatwa mahali palipozidi sana asipewe ng'ombe mwenye njaa peke yake, hasa wakati wa ukame. Yachanganywe na majani makavu, kwa kuwa naitreti nyingi huweza kumdhuru hata ng'ombe.

Njia ya tatu ni kufukia vitu vikavu. Mabua ya mahindi yaliyokatwa vipande vidogo, makapi ya mpunga, majani makavu au unga wa mbao usio na dawa, vikichanganywa na udongo wa juu, huwapa kazi vijidudu vya udongoni. Vijidudu hivyo, ili viozeshe vitu vikavu, vyahitaji naitrojeni, navyo huichukua ile iliyozidi na kuiweka katika miili yao. Huko haiwezi kuzama kisimani, nayo hurudi polepole baadaye vijidudu vifapo. Mwenye kuweka vitu hivyo juu ya udongo tu amepata matandazo mazuri ya kuhifadhi maji, lakini kazi hii hataipata sana. Wala mtu asipande miche siku ile ile aliyofukia unga wa mbao, maana vijidudu vitaishinda miche na kuiacha na njaa. Na angoje mwezi mmoja au zaidi.

Njia ya nne ndiyo ile tuliyoitaja: kuibeba samadi mpaka mahali penye haja. Samadi iliyokwisha kuoza ni nyepesi kuliko mbichi. Ikiwa kila aendaye shamba la mbali atachukua ndoo moja asubuhi, badala ya kwenda mikono mitupu, msimu hautakwisha kabla safu kadhaa za mahindi hazijapata haki yake. Na itiwe katika shimo la mbegu, kiganja kimoja kila shimo, ifunikwe kidogo kwa udongo kabla ya kuweka mbegu.

Kwa bustani iliyo nzima, kiasi kifaacho ni debe 1 la samadi ya ng'ombe iliyooza kwa mahali pa mita 2 kwa mita 2, mara moja kwa msimu. Samadi ya kuku iwe nusu ya kiasi hicho au chini yake, nayo ikae kwanza katika lundo pamoja na majani makavu hata ipoe na kuacha kunuka. Apandaye nyanya asizitie kitu tena cha kuzidisha majani mpaka ameona matunda ya kwanza yameshika.

Nanyi waalimu wenye bustani za shule, mwaweza kuwafundisha watoto kwa kutumia shahidi. Katika kila bustani pandeni mstari mmoja wa mahindi usiotiwa samadi yoyote. Majani yake ya chini yakianza kuwa njano kutoka nchani, njano ikifuata mshipa wa katikati, ardhi ile yaomba chakula. Yakikaa mabichi hata mahindi yatoe mbelewele, ardhi ina akiba ya kutosha, na karai la samadi lapaswa kwenda kwingine. Watoto waandike katika daftari ni debe ngapi zilizotiwa kila tuta na mavuno yalikuwa kilo ngapi. Atakaye kujua kwa hakika zaidi aweza kupeleka udongo kupimwa katika vituo vya utafiti kama Mlingano mkoani Tanga au Kabete karibu na Nairobi.

Wako watakaoona haya kuzibeba ndoo za samadi njiani mbele ya majirani. Mahindi yakikomaa, majirani hao hao watakuja kuuliza mbegu yake. Waambieni ukweli, kwamba mbegu ni ile ile ya kila mtu.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kujenga lundo la kuozeshea samadi lisilovuja wakati wa masika.